Tenda ya kondensa: kurudisha maji ya mvuke mu boila (shajara ya atelie, yaani karakana yetu, Lubumbashi)

11 Mei: mahali tunaanzia

Kwa wenye wanaingia sasa, mashine yenyewe, lokomotivu ndogo ya mvuke, si ya leo. Mzee wetu aliimalizaka zamani, boila ya shaba, silinda mbili, inatembea juu ya reli ya korniere (chuma cha pembe) upana sentimita 20 ndani ya parsele (kiwanja cha nyumba) huku mtaa wa Kamalondo. Inakula makala (makaa ya miti), presha ya kazi ni bari 4, na ikivuta watu wawili watatu inakunywa maji lita 8 hivi kwa saa. Hii shajara ni ya tenda peke yake, ile kigari ya nyuma. Tunataka mvuke yenye inatoka mu silinda isipotee hewani, tuipoze, iwe maji tena, irudi mu boila, izunguke vile.

Kwa nini tujisumbue? Maji ya robine (koki) inakuja usiku, siku ingine haiji kabisa, na maji ya kisima yetu ukiichemsha mu sufuria inaacha magaga meupe ya chokaa, sasa fikiria ile magaga ndani ya tiyo (mabomba) za boila zenye mkono haufiki. Maji yenye imeshapita kwa mvuke haina chokaa. Sababu ya tatu ni wivu tu: Afrika Kusini walikuwa na tenda ya hivi, sisi hapana.

Sisi hatukuihitaji, hiyo ni kweli. Reli ilifika hapa 1910 ikitokea upande wa Rhodesia (Zambia ya leo), BCK, kampuni ya reli ya Katanga, ikaendesha mvuke miaka na miaka, baba yake mzee alikuwa kati ya wale wa kutupa makaa mu moto, na mvua ya Katanga inapita milimita 1000 kwa mwaka, mito iko kila upande. Karoo, kule Afrika Kusini, ni dunia ingine, ni ukavu tupu. Njo maana kati ya 1953 na 1955 reli ya Afrika Kusini ilipokea mashine 90 za Class 25, 89 zikitoka North British ya Glasgow na moja Henschel ya Kassel, na Henschel njo walitunga ile tenda. Mvuke ikiacha silinda inazungusha turbini (gurudumu la mabawa) ya ventilo (feni) ya kuvuta moshi, inapita mu tiyo nono mpaka nyuma inazungusha turbini ya pili yenye inaendesha ventilo 5 za juu ya paa ya tenda, kisha njo inaingia mu radiatere (rejeta) na kushuka kama maji. Waliokoa maji mpaka asilimia 90. Mashine na tenda pamoja ni karibu mita 33.

Nilipomuonyesha mzee michoro aliangalia muda, akaniuliza, "Mwanangu, hesabu kwanza ile mvuke inafanya kazi ngapi mbele ya kupozwa." Mimi nilikuwa naangalia radiatere tu. Mutaona huko chini alikuwa anaona nini.

Jambo moja mbele ya yote: boila tumeipima tena na maji baridi mpaka bari 8, valvu ya usalama inafunguka kwa 4 na nusu. Mwenye anataka kuiga asiruke hiyo. Boila ikipasuka na maji baridi unalowana, ikipasuka na mvuke wanakuzika.

25 Mei: bidoni

Tumeanza na njia ya wazee kabisa. Mu London, reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa 1863, na mwaka wa pili yake Beyer Peacock waliwapa mashine zenye dereva anageuza valvu, mvuke badala ya kwenda mu shemine (bomba la moshi) inaingia mu matanki ya maji ya pembeni, kwa sababu mule chini mu tunelo watu wangekosa pumzi. Rahisi sana. Tukachukua bidoni (dumu) ya lita 20, tiyo ya mvuke ikazama mpaka chini, basi.

Inafanya kazi. Kwa dakika 16 hivi.

Hesabu yake iko hivi, na ni hii njo inaongoza kila kitu kingine. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji inaachia joto ya kilojuli (kipimo cha joto) karibu 2257, na hiyo haijapoa bado, ni kugeuka tu. Kilo moja ya maji kupanda digrii moja inataka kilojuli 4.18 tu. Maji ya bidoni ilikuwa digrii 24, na tuliamua kusimama kwa 85, kwa sababu hapa Lubumbashi tuko mita 1200 na kidogo juu ya bahari, maji inachemka kwa digrii 96 si 100. Lita 20 mara digrii 61 inakupa kilojuli 5100, maana yake inameza mvuke kilo 2 na kidogo, halafu imeshiba. Wale wa London pia njo shida yao, maji ilikuwa inapata moto mu matanki, wanaimwaga wanaweka ingine baridi. Hiyo si kurudisha maji, ni kuhamisha joto kutoka hapa kwenda pale.

Tena kuna makelele. Mvuke ikigusa maji baridi inajikunja mara moja na bidoni inapigwa nyundo toka ndani, watoto wa parsele walikimbia. Na hatari yenye sikuiona imeandikwa kwa ukubwa mahali popote: dogo, kijana wetu, alifunga regileta (valvu ya kupitisha mvuke) mashine ikasimama, mvuke yenye ilibaki mu tiyo ikageuka maji, pakawa utupu, na maji ya bidoni ikapanda ile tiyo mpaka mu silinda. Mu silinda! Kama mashine ingezunguka paleile pistoni ingepiga maji na maji haibanwi, ni kuvunja kifuniko au kupinda fimbo. Mzee alishika gurudumu na mkono mbele dogo afungue tena. Tulifungua robine za chini za silinda, ikatoka zaidi ya lita.

Dawa ni ndogo: valvu ya mpira ya upande mmoja mahali pa juu ya tiyo, yenye inaruhusu hewa kuingia utupu ukija. Hata kama hautatumia bidoni, weka hiyo valvu. Imebaki mpaka leo.

Gharama: dola 6, bidoni na tiyo ya plastiki yenye iliyeyuka.

8 Juni: radiatere

Mvuke lita 8 kwa saa ni kilowati 5 hivi za kutupa, kama pasi tano za umeme zimewashwa pamoja. Radiatere ya gari inaweza zaidi ya hiyo bila kutoka jasho, lakini tafuta ya zamani, ya shaba na brasi iliyounganishwa kwa risasi. Zile mpya za aluminiamu ziko na vichwa vya plastiki na mpira pembeni, siziamini na mvuke. Tulipata ya Hilux mzee, dola 40, fundi akaziba mahali tatu kwa dola 10. Imelazwa juu ya kigari, mwinamo kidogo ili maji ishuke upande moja, chini yake tanki ya bati lita 12, na ventilo ya umeme ya gari ya volti 12 kwa dola 15.

Siku ya kwanza nusu ya radiatere ilikuwa moto hauwezi kugusa na nusu ingine baridi kama asubuhi ya Juni, na mvuke ikaanza kutoka mahali pa kujazia maji. Yaani radiatere kubwa vile inashindwa na mashine ndogo? Hapana, ni hewa. Mvuke inaingia inasukuma hewa yenye ilikuwamo, hewa haina mahali ya kutokea, inajibana mu zile tiyo za mwisho na mvuke haipiti kwa hewa. Tukatoboa tundu la milimita 4 upande wa mwisho, chini, mahali maji inatokea, si juu. Kila mtu anafikiri hewa itoke juu. Lakini hewa ni nzito kuliko mvuke, na tena inafukuzwa mpaka kule mvuke inaishia. Toboa kule. Radiatere yote ikapata moto ndani ya dakika mbili.

Ukiona mvuke inatoka mu kale katundu, ujue radiatere imeshindwa. Kametukalia kama mita ya bure.

Na hatutafuti utupu wa nguvu kama meli au sentrali ya umeme. Mu meli kondensa inaongeza nguvu juu inanyonya upande wa nyuma ya pistoni. Huku ni maji tu tunaokoa, kila kitu kiko wazi kwa hewa.

29 Juni: tiyo nono

Mashine ilikuwa nzito. Inavuta, lakini kama mtu mwenye amezibwa pua. Tulifunga tiyo ya plastiki ya kuona ndani, umbo la U, na maji ya rangi, kwenye njia ya mvuke ya kutoka: maji ilipanda sentimita 60 na zaidi. Hiyo presha yote pistoni inaisukuma bure.

Sababu ni tiyo ya nusu inchi. Watu wanasahau mvuke ya presha ndogo inataka nafasi: lita moja ya maji inakuwa lita 1700 za mvuke, na kwa mwinuko wetu karibu 1900. Lita 8 kwa saa, mu nusu inchi, inakimbia zaidi ya mita 30 kwa sekunde, na kwenye kila kona inagonga. Tumeweka shaba ya inchi moja, mita mbili, kona mbili tu na zote ndefu, dola 22. Spidi inashuka mpaka mita 8 hivi, na maji mu ile U inapanda sentimita 4. Shaba hapa si shida, mji wote umekaa juu yake, lakini bei ni bei.

Sasa naelewa juu ya nini Class 25 ilikuwa na ile tiyo kama mwili wa chatu ubavuni.

20 Julai: moto unakufa

Hapa njo mzee alikuwa anatungojea.

Tulikuwa tumeshafurahi. Maji inarudi, mu tanki kuna digrii 70, hakuna wingu juu ya parsele, jirani mama mwenye kuuza makala aliuliza kama mashine imezimwa. Haikuzimwa ila ilikuwa njiani. Bari 4, bari 3, bari 2, makala nyeusi, moshi unarudi kwa mlango wa moto. Ukifikiri vizuri ni wazi kabisa: tangu lokomotivu Rocket ya 1829 na wenzake, mvuke ya kutoka inapigwa juu mu shemine na ni yenyewe inavuta hewa kupita mu moto. Mashine ikifanya kazi sana, mvuke ni mingi, moto unavutwa sana. Inajipima yenyewe, bila mtu, bila robine. Sisi tumeichukua ile mvuke tukaipeleka nyuma na tukashangaa moto umekufa.

Tulijaribu hivi, kwa mfuatano.

Ventilo ya kompyuta juu ya shemine, dola 3. Plastiki. Sitaeleza zaidi.

Ventilo ingine, lakini chini ya wavu wa moto, inapuliza toka chini. Moto uliwaka ajabu, presha ikapanda, wote tukapiga makofi. Kisha dogo akafungua mlango aongeze makala na ulimi wa moto ukatoka kumtafuta. Nyusi zimerudi sasa. Ukipuliza toka chini, ndani ya sanduku ya moto presha inapita ya nje, mlango ukifunguka moto unatoka. Kuna wenye wanaifanya na swichi ya kuzima ventilo mlango ukifunguliwa. Mimi mu parsele yenye watoto nimekataa.

Basi tuvute toka juu kama Class 25. Turnere (fundi wa kuchonga chuma) alitutengenezea pangaboi ya bati la chuma, sentimita 10, motere nje, fimbo ndefu, yote dola 18 na motere. Ilivuta vizuri. Lakini majivu na vipande vya makala vinapita mu zile bawa kwa spidi, na zinaliwa upande mmoja, halafu pangaboi inaanza kutetemeka, rulema (bering) inapata joto ya moshi, grisi inatoka. Baada ya muda si mrefu ilikuwa inalia kama mbuzi. Kusoma zaidi nikakuta ni ugonjwa uleule: bawa za ventilo ya sanduku ya moshi ya Class 25 zilikuwa zinaliwa na vumbi ya makaa, wanazibadilisha kila mara, na hiyo ni sababu kubwa ya zile mashine kufanyiwa kazi upya kati ya 1973 na 1980 ziwe za kawaida, bila kondensa. Yenye ilibaki na tenda yake ni moja, namba 3511. Kama wao na karakana zao walichoka, sisi ni nani.

Jibu lilitoka kwa dogo, na nyusi zake nusu. Alisema: kama mvuke ilikuwa inavuta moshi bila kugusana na kitu chochote cha kuzunguka, juu ya nini tusiweke hewa mahali pa mvuke? Yaani ventilo ikae nje mahali safi, ipulize hewa mu tiyo, ile tiyo iishie palepale mdomo wa mvuke wa zamani ulikuwa, iangalie juu mu shemine. Hewa inakimbia juu, inavuta moshi pamoja nayo, na hakuna bawa yenye inaona majivu.

Tulinunua kipuliza cha fundi chuma, kile cha volti 12 cha kuwasha makaa, dola 18. Mdomo wa sentimita 2 haukutosha. Sentimita 3, shemine ndani ni 6, mdomo uko chini ya koo ya shemine sentimita 9 hivi, hiyo umbali tuliipata kwa kusogeza na kuangalia mu U ndogo ya maji. Mvuke ya zamani ilikuwa inatoa mvuto wa milimita 20 na kitu. Hii inatoa 8. Si nyingi, ila makala ni jepesi kuliko makaa ya mawe, ukiweka tabaka nyembamba na kuongeza kidogokidogo presha inakaa bari 3 na nusu, na mara moja moja 4.

Kitu chenye tumepoteza na hakirudi ni kule kujipima. Sasa kuna swichi ya kipuliza na mtu wa kuiangalia, mlima ukija anapandisha mwenyewe.

10 Agosti: maziwa

Maji mu tanki ya tenda imegeuka maziwa. Nyeupe kabisa. Na mu kioo cha boila kiwango kinacheza juu chini, povu, kisha mashine ikatema maji kwa valvu ya usalama. Mafuta ya silinda hayo. Zamani yalikuwa yanatoka na mvuke kwa shemine na kuchafua mashati yetu, sasa yanarudi mu boila. Yakitanda juu ya bati la moto ni hatari, maji haigusi shaba vizuri, shaba inapata moto kupita kiasi.

Tulianza na kitu cha kuchuja: sanduku ndogo ya bati yenye kuta ndani, mvuke inageuzwa kona kali mara nne, mafuta yanagonga ukuta na kushuka, robine chini. Sudere (fundi wa kuchomelea) dola 12. Ilikamata sehemu kubwa. Kisha maji inapita mu sponji na taulo ya zamani, na pompi inanyonya toka chini ya tanki, mafuta yabaki juu. Lakini maziwa ilibaki maziwa, wiki nzima imetulia haikutengana.

Shida haikuwa kichujio, ni mafuta yenyewe. Tulikuwa tunatumia oili ya motere ya gari. Hiyo oili inatiwa makusudi dawa ya kuosha, kazi yake ni kushika uchafu na maji vielee ndani visitulie chini. Ni nzuri kwa gari. Kwetu ni sabuni! Tumebadilisha kwa oili ya kompresa, ile nzito, yenye imetengenezwa iachane na maji haraka, lita 5 dola 25 na itakaa mwaka. Kwa bari 4 mvuke ni digrii 150 hivi, inavumilia. Ukiwa na mashine ya presha kubwa au mvuke kavu tafuta oili ya silinda ya kweli.

Tulimwaga maji yote, tukachemsha boila na soda ya kufulia, tukasukutua mpaka mikono ikachoka. Kesho yake tanki ilikuwa na maji ya kuona chini, na duara la mafuta juu lenye unaliondoa na kijiko.

7 Septemba: pompi

Fupi, juu kila mtu mwenye alishatengeneza boila anaijua. Injekta, kifaa cha kuingiza maji mu boila kwa nguvu ya mvuke, haimezi maji ya moto. Kazi yake yote inategemea maji baridi ije iigeuze mvuke yake kuwa maji, na yetu ndogo inaanza kutema ikipita digrii 45. Maji ya tenda iko 75 mpaka 85. Kwa hiyo pompi ya pistoni, inaendeshwa na ekseli.

Pompi ya kwanza ilikaa juu, karibu na ubao wa dereva, ili mtu aifikie. Ilisukuma maji baridi vizuri, ya moto haikusukuma hata tone. Ikinyonya, presha inashuka kidogo, na maji yenye iko 85 wakati inachemka kwa 96 haihitaji sababu kubwa kugeuka mvuke mulemule mu pompi. Inakuwa inasukuma mapovu. Tumeihamisha chini, sentimita 25 chini ya tanki, tiyo ya kuingilia inchi nusu nzima, maji inaingia yenyewe kwa uzito, hakuna kunyonya. Mipira ya valvu ya rulema ilishika kutu haraka, sasa ni inoksi (chuma kisichoshika kutu). Turnere na brasi, dola 30.

Hapa kuna zawadi. Kuingiza maji ya digrii 80 badala ya 25 inapunguza joto ya kuifanya mvuke kwa asilimia 8 au 9, kwa hesabu. Class 25 walikuwa wanasema asilimia 10 ya makaa. Kwa mizani yetu ya makala hatuioni vizuri, moto wetu unabadilikabadilika sana na gunia si sawa na gunia.

5 Oktoba: joto

Yote hii tuliipima mu Juni na Julai, digrii 22 mchana, usiku baridi ya kuvaa koti. Sasa ni Oktoba, 33 mu kivuli, mvua haijaanza, na kale katundu ka hewa kanatoa mvuke.

Radiatere inafanya kazi kwa tofauti. Juni tofauti ilikuwa 74, sasa ni 63, umepoteza kama asilimia 15 na haujagusa kitu. Tena dogo aligundua na uzi mmoja wa pamba: ventilo ilikuwa inakamata hewa yenye imeshatoka moto upande wa chini na kuirudisha. Tumezunguka ventilo na bati, ukuta wa sentimita 8 mpaka radiatere, hakuna nafasi pembeni, na chini kigawanyo cha kutupa hewa moto upande wa kulia. Katundu kamenyamaza. Hiyo bati ilikuwa chakavu, gharama hakuna. Kama ningeanza upya ningeanza na hiyo bati, mbele hata ya kununua radiatere kubwa.

26 Oktoba: hesabu

Saa mbili mfululizo, mtu mzima mmoja na watoto wawili nyuma, tenda imejazwa lita 12 mwanzo na haikuongezwa. Mwisho ilikuwa na lita 9 na nusu. Yaani lita moja na robo kwa saa inapotea, kwa paking ya pistoni, kwa katundu, kwa valvu ya usalama ikifunguka, badala ya 8. Kidogo chini ya asilimia 85 imeokolewa. Kioo cha boila safi, kiwango kimetulia.

Pesa: dola 260 na makala na vitu vidogo vidogo ndani yake, batri ya mtumba ya dola 45 imo. Ndani ya hizo, 27 ni vitu vimekufa: bidoni, ventilo ya kompyuta, pangaboi ya bati.

Sasa jambo lenye mzee hataki kuliacha. Ventilo ya radiatere na kipuliza pamoja vinakula wati 140 hivi toka kwa batri. Mashine yetu ndogo, nikipima vuto na spidi, inatoa wati 120, siku nzuri 150. Yaani tunatumia umeme wa kupoza na kuvuta moshi sawasawa na kazi yote ya mashine. "Gari la moshi lenye linasukumwa na batri," anasema, "mimi baba yangu angenicheka." Nilimjibu Papa, maji njo tulitafuta na maji tumepata. Anajua. Ila ana haki pia: Class 25 ilifanya vyote hivyo kwa mvuke yake yenyewe, ile yenye ilikuwa imeshamaliza kazi mu silinda, na kwa ukubwa ule ilikuwa na mabaki ya kutosha kuzungusha turbini mbili. Kwa ukubwa wetu mabaki ni pumzi tu.

Kwa sasa tumepunguza: asubuhi ventilo ya radiatere inaunganishwa kupitia taa ya gari, inazunguka polepole na inatosha, mchana wa joto swichi inairudisha moja kwa moja. Inaokoa kama theluthi, na taa inatuonyesha iko kazini.

Mzee ameshachora turbini ya kipuliza, gurudumu la brasi sentimita 7, mvuke ya kutoka inapita hapo mbele ya tiyo nono. Mimi naogopa ile U ya maji itapanda tena na mashine izibwe pua. Ameniambia nisubiri, turnere ameshapewa brasi. Mvua ikianza tutakuwa ndani ya atelie hata hivyo, na tenda itakaa chini ya shiti na tanki imemwagwa, robine zote wazi.